SOMO: Siku ya spana ya pamoja. Kazi za injini baridi kwanza, za injini ya moto baadaye

Wakuu, naandika hapa mara moja ili nisirudie tena. Kila tukikaribia kukutana kutengeneza pikipiki zetu, napata maswali yaleyale: nije na nini, tunaanza na lipi, na mbona mara iliyopita yangu iliondoka inalia kuliko ilivyokuja? Kwa hilo la tatu nami nina dhambi yangu, nitaieleza.

Somo hili ni la injini za silinda moja, cc 100 hadi 150, zinazopozwa na hewa, zenye tapeti (sehemu ya kusetia mwanya wa valvu) za skrubu na nati. Kama yako inasetiwa kwa kubadilisha vidonge juu ya valvu, hatua ya 4 si yako.

1. Osha pikipiki siku moja kabla. Tope likiingia kwenye tundu la plagi hutacheka.

2. Njoo mapema, uache injini ipoe. Kupoa maana yake saa kadhaa. Ukifika saa tatu, ukanywa maji na kushika spana, hiyo bado ni ya moto.

3. Vifaa: spana 8 hadi 17, spana ya plagi, bisibisi, fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya), karai la oili, matambara, mafuta ya taa. Fila geji moja inatosha watu sita. Zaidi ya pikipiki sita msikutane, mtaishia kupiga soga.

4. Tapeti. Hapa nendeni polepole.

Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi. Fungua vifuniko viwili vya valvu na vile vidogo vya upande wa magneti (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini). Zungusha magneti kwa spana, upande ule inaozunguka yenyewe injini ikiwaka, mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye kifuniko. Kuna na F jirani yake. Hiyo ni ya moto wa plagi, usiisimamie.

Sasa sikilizeni. T inapita mara mbili kabla injini haijamaliza kazi yake moja. Mara moja pistoni iko juu imegandamiza hewa na valvu zote mbili zimefungwa. Mara nyingine pistoni iko juu inamalizia kutoa moshi, na valvu zote mbili ziko wazi kidogo. Mimi niliseti kwenye hiyo ya pili. Nilikuta roka (mikono midogo inayosukuma valvu zifunguke) zimebana, nikasema kumbe ndiyo maana haina nguvu, nikalegeza mpaka fila geji ikapita vizuri, nikafunga. Kuwasha, mlio kama cherehani tatu chumba kimoja. Haikupanda hata mwinuko mdogo. Na ubaya ni kwamba nilikuwa nimeshawasetia wenzangu wawili hivyohivyo, huku nikiwaelekeza kwa sauti kubwa.

Dawa ni hii: tazama roka ya valvu ya kuingiza hewa unapozungusha. Itashuka, kisha itapanda. Ikishapanda, T inayofuata ndiyo yako. Hakikisha kwa mkono: roka zote mbili ziwe na mchezo kidogo. Hata moja ikiwa imekaza, zungusha magneti mzunguko mmoja kamili, uzitikise tena. Bado imekaza? Huenda tapeti yenyewe imebanwa mno, kwa hiyo rudi uifuate roka upya kabla ya kugusa nati.

Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha pikipiki yako, hakitoki kwangu wala kwa jirani. Honda CG125 ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Nyingine 0.05, nyingine zaidi. Fila geji ipite ikikwaruza kidogo, kama karatasi iliyobanwa kitabuni. Ukikaza nati, skrubu huwa inafuata kidogo, kwa hiyo pima TENA baada ya kukaza. Zungusha magneti mara mbili kamili, upime kwa mara ya mwisho.

5. Plagi: sugua, pima mwanya (nyingi 0.6 hadi 0.8), rudisha kwa vidole kwanza, spana baadaye.

6. Chujio la hewa: safisha sasa, usingoje baada ya kabureta. Ukiseti kabureta na chujio chafu utaseti mara mbili.

7. Cheni: pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, zungusha tairi utafute mahali cheni ilipokaza zaidi, upime hapohapo. Nyingi zinataka mchezo wa milimita 20 hadi 30. Alama za kushoto na kulia ziwe sawa. Usafishe kwa mafuta ya taa na mswaki, INJINI IMEZIMWA. Anayesafisha cheni gia imeingia ili izunguke yenyewe anatafuta kuachana na kidole.

8. Sasa washa, nje, pasipo na kuta. Moshi wa pikipiki sita ndani ya banda unalaza watu.

9. Kubadilisha oili: mwage ya zamani ikiwa ya uvuguvugu, inatoka upesi na inabeba uchafu. Bolti ya chini usiikaze kwa hasira, meno ya tundu lake ni ya aluminiamu. Oili chafu iingie kwenye dumu lenye kifuniko, isimwagwe ardhini.

10. Kabureta mwisho, injini ikiwa ya moto.

Na sheria moja ya kundi: aliyefungua ndiye anayefunga. Ukiitwa pembeni, mwambie mtu "bolti hii bado" na uache spana juu yake.

MASWALI

Kifuniko: Mkuu nimefuata yote, haiwaki kabisa. Nisaidie haraka.
Mwandishi: Injini ilikuwa baridi?
Kifuniko: Nilikuwa nimetoka safari, sikutaka kupoteza muda.
Mwandishi: Basi hujafuata yote. Hatua ya 2, kisha ya 4, kuanzia mwanzo.

Tairi Bapa: Mimi nimebana mpaka kelele ikaisha kabisa. Sasa iko kimya, tamu. Kwa nini mnajisumbua na fila geji?
Mwandishi: Legeza leo. Tapeti inayolia inakukera, iliyonyamaza kabisa ndiyo inayounguza valvu.
Tairi Bapa: Unatisha watu tu, inatembea vizuri.
Mwandishi: Haya.

Dada wa Spana: Kaka, shikamoo na hongera kwa somo. Naomba kuelewa: ule mwanya ni wa nini hasa? Kwa nini valvu isigusane na roka moja kwa moja?
Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri. Injini ikipata moto, valvu inarefuka. Mwanya ni nafasi ya huo urefu. Usipoiacha, valvu ikirefuka roka inaishikilia, haifungi sawasawa. Ya kutolea moshi ndiyo inaumia zaidi, maana inapitiwa na hewa ya moto mno, na joto lake inalitoa hasa inapokaa kwenye kiti chake. Isipokaa, haipoi, inaungua ukingoni, na mgandamizo unapotea. Ndiyo maana pia unapima ikiwa baridi: kipimo cha kitabuni ni cha injini iliyopoa. Na jambo ambalo wengi hawalijui: valvu ikizama kidogo kidogo kwenye kiti chake, mwanya unapungua. Usingoje kelele ndipo upime.
Dada wa Spana: Nimeelewa. Basi yangu iliyokuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, huenda ni hilo.
Mwandishi: Yawezekana kabisa. Pima kabla ya kununua chochote, halafu utuambie ulikuta ngapi.

Gia Nne: Skrubu ya kabureta nizungushe mara ngapi?
Mwandishi: Ingiza taratibu mpaka iguse, usikaze, itaharibu ncha. Toa mzunguko mmoja na nusu. Kuanzia hapo tafuta mahali injini inaponguruma juu zaidi, kisha shusha kwa skrubu ya sailensa (ile ya mngurumo wa injini ikiwa imesimama). Nyingi ndogo zinakaa kama mizunguko 1,400 kwa dakika.
Mzee wa Gasketi: Niongeze: angalia skrubu iko upande gani. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta, ukiitoa unaongeza mafuta. Ikiwa upande wa chujio inapima hewa, ukiitoa unapunguza nguvu ya mafuta. Wengi wanageuza kinyume siku nzima.
Mwandishi: Asante mzee, hilo nililisahau.

Kifuniko: Imewaka. Ilikuwa T ile nyingine.
Mwandishi: Karibu kwenye chama.

Plagi Moja: Skrubu za vifuniko zinatuchanganyikia kila mara, pikipiki sita sakafu moja. Mnafanyaje?
Mzee wa Gasketi: Chora umbo la kifuniko kwenye katoni, toboa matundu, kila skrubu ichomeke mahali ilipotoka. Ndefu na fupi hazitabadilishana. Na andika jina la mwenye pikipiki.
Plagi Moja: Na trei ya mayai?
Mzee wa Gasketi: Inafaa, mpaka mtu aipige teke.