Kupanga chakula cha jioni ambacho kila mgeni atakula

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye shughuli moja hapa Dodoma. Mzee mmoja wa heshima alichukua sahani, akasogea kwenye sinia la wali. Kabla hajafika, ndugu yake akapaza sauti kutoka upande wa pili wa turubai: "Jamani, huyo ana sukari, msimpakulie wali!" Watu wote wakageuka kumtazama. Mzee akarudisha sahani, akaomba maji, akaenda kukaa. Mpaka tunaondoka hakuwa ametia kitu mdomoni.

Tangu siku ile, nikipanga chakula cha wageni sianzi na utamu wala na fahari. Naanza na swali moja: kuna mtu hapa atakayelazimika kujieleza mbele ya wenzake? Kama yupo, menyu bado haijakamilika.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, nimeolewa na Mgogo wa Mvumi. Kwetu ni Waislamu, ukweni ni Waanglikana. Tunaishi Ilazo, na tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mtaa wetu umepata watu wa kila mkoa. Kulia kwetu wanakaa Wahaya, kushoto familia ya Tanga, nyuma yetu Wasabato kutoka Mara. Ninayoandika hapa nimejifunzia kwa hao.

Uliza, lakini usiulize "unakula nini?"

Ukimuuliza mgeni anakula nini, atakujibu "chochote tu, dada, usijisumbue." Hilo ni jibu la adabu, halikusaidii jikoni. Mimi nauliza hivi: "Nyumbani kwenu kuna kitu hampiki?" Swali hilo mtu hulijibu bila haya, maana linahusu nyumba nzima na halimgusi yeye peke yake. Nalituma kwa wageni wote kwa maneno yaleyale, siku tatu au nne kabla, ili asiwepo anayehisi amechaguliwa kuhojiwa.

Wazee siwaulizi wenyewe. Namwuliza mke wake, au mkwe anayempikia: "Shikamoo mama. Baba siku hizi jioni anatumia nini?" Hapo ndipo utasikia kwamba daktari amepunguza chumvi, au gauti imemrudia na maini hataki kuyaona, au meno ya nyuma yamekwisha.

Na miiko ya ukoo ipo, usidhani ni habari za zamani. Kwa Wagogo ukoo huwa na muzilo wake, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali wala hawakigusi. Baadhi ya Wamasai, hasa wazee, samaki hawamtambui kama chakula. Mtu hatakwambia hayo mezani. Atakula ugali mtupu, atashukuru, ataondoka.

Tazama tarehe kabla ya kutazama sokoni

Mwezi Machi mwaka 2025 ulinifundisha jambo hili vizuri. Ramadhani ilianza mwanzoni mwa mwezi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia tarehe 5. Mimi nilitaka kuwaalika majirani Ijumaa moja. Wa Tanga walikuwa wamefunga, wanafuturu jua likizama, karibu saa moja kasoro. Wahaya ni Wakatoliki, na Ijumaa ya Kwaresima hawali nyama. Wasabato nao, Ijumaa jua likizama ndipo Sabato yao inaanza, kwa hiyo jioni hiyo hawatoki. Hao niliwapangia Jumapili ya wiki iliyofuata.

Kwa hao wengine nilipika futari ambayo Mkatoliki naye angeila bila kukiuka mfungo wake: tende, uji wa uwele, mihogo na magimbi ya nazi, viazi vitamu vya kuchemsha, maharage, na sato wa kukaanga. Nyama haikuwepo na hakuna aliyeiulizia. Mmoja alikuwa anafungua saumu, mwingine anatunza Kwaresima, na wote walikuwa wanachota bakuli moja. Mama yangu mdogo, aliyekuwa amekuja kutoka Kondoa, aliniambia ameipenda futari ile kuliko chakula cha Idi.

Pilau na tatizo la sufuria moja

Najua nitapingwa hapa, lakini nasema kwa moyo wote: kwa wageni usiowafahamu vizuri, usipike pilau. Pilau ni chakula kizuri na mimi nakipenda. Tatizo lake ni kwamba nyama, chumvi, mafuta na viungo vyote vimeshaingia kwenye mchele, na kilichoingia hakitoki tena. Asiyekula ng'ombe amekosa wali. Mwenye presha amekosa wali. Mwenye vidonda vya tumbo, zile pilipili manga zitamwamsha usiku. Unamwambia mtu "ondoa tu nyama, kula mchele," kumbe mchele wenyewe umepikwa kwa supu ya ile nyama.

Njia ninayoitumia ni kutenganisha. Vitu vya katikati, yaani wali na ugali, navipika vitupu kabisa ili kila mtu avifikie. Vitu vinavyogawa watu, yaani nyama, samaki, karanga, pilipili na hata chumvi ya ziada, vinakaa kwenye vyombo vyake. Kila sufuria inakuwa na mwiko wake, na mwiko hauhami. Lugha yetu imeweka neno moja kwa kijiko cha kupikia na kwa jambo lisilotendwa, nami jikoni nayaheshimu yote mawili kwa pamoja. Upawa uliotoka kwenye mchuzi wa nyama ukiingia kwenye maharage, maharage yale si ya asiyekula nyama tena, hata kama hakuna aliyeona.

Meza yangu ya watu kumi na wawili

Wageni wakiwa kumi na wawili, hesabu yangu ni hii: mchele kilo moja na nusu, unga wa dona kilo moja, kuku wa kienyeji watatu, maharage makavu kilo moja na robo, na mboga za majani za kujaza sufuria mbili kubwa, kwa sababu majani yakiiva hunywea. Kachumbari bakuli mbili, moja bila pilipili. Ndimu zilizokatwa, na kisosi cha chumvi.

Maharage ndiyo nguzo, ingawa watu huyadharau wakiona kuna kuku. Nayaloweka usiku kucha, maji yale nayamwaga, nayachemsha kwa maji mapya mpaka yalainike, halafu nayaunga kwa vitunguu, nyanya, karoti na hoho kwa mafuta ya alizeti. Alizeti tunayo ya kutosha huku kwetu na Singida, na ni mafuta ambayo sijawahi kuona mgeni akiyakataa. Nikiunga kwa mafuta ya ng'ombe au samli, kuna watu nimewafungia mlango. Na mafuta yaliyokaangia samaki jana siyarudii kwenye mboga ya leo.

Kuku nawanunua soko la Majengo asubuhi, wakiwa hai, na wanachinjwa na Mwislamu. Kama nyumba yako haina Mwislamu, mwombe kijana wa jirani, atakuja kwa furaha. Mkristo aliyezoea maisha ya hapa atakula, Mwislamu naye atakula bila wasiwasi wa kibudu. Sufuria iliyowahi kupikiwa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, isitumike siku hiyo. Kama huna nyingine, azima. Mvinyo wa zabibu zetu, hata mgeni akikuletea chupa nzuri kiasi gani, usiingie kwenye mchuzi.

Kuku wa kienyeji huchukua muda, kwangu mara nyingi saa moja na nusu, na jogoo mzee zaidi ya hapo. Ukijua kuna mzee asiye na meno, tafuta tembe, yaani kuku jike mchanga, na umchemshe mpaka nyama iachie mfupa. Siweki viungo vya paketi, maana vingi vimejaa chumvi. Tangawizi, kitunguu saumu, nyanya na ndimu vinatosha.

Mbuzi wa mnada wa Msalato ni mzuri na Jumamosi utampata, lakini mimi namchagua pale tu ninapojua wageni wote wanakula nyama nyekundu. Kuku ana maadui wachache.

Niliyokosea kwa kambale

Kuna wakati nilisikia mgeni mmoja ana gauti, nikaamua kuacha nyama nyekundu na kupika samaki. Nikapata kambale wanono wa bwawa la Mtera, nikawaunga vizuri kwa nazi. Waliokuja jioni ile walikuwa pamoja na jirani zetu Wasabato. Wao hufuata lile agizo la Mambo ya Walawi sura ya 11: samaki wa kuliwa ni mwenye mapezi na magamba. Kambale hana magamba. Walikula ugali na mchicha, wakasifu mchicha. Mimi nilikuwa nimeuliza kama wanakula samaki, wakajibu ndiyo. Sikutaja samaki gani. Siku hizi nikinunua samaki nachukua sato au perege, na swali langu nalitaja kwa jina la samaki.

Mlenda, karanga na magadi

Mgeni akija Dodoma nataka aonje mlenda wa Kigogo na ugali wa uwele. Baba mkwe wangu, ukimpa hivyo viwili hakuulizi kuku yuko wapi. Mlenda unateleza, hauhitaji meno. Lakini asiyekulia nao huweza kushindwa na ule mtelezo. Kwa hiyo nauweka kama kitu cha kuonja, bakuli dogo pembeni mwa mboga nyingine, na simsimamii mtu kichwani kumwambia "kula, ni mtamu."

Karanga ndizo zinazonitia hofu ya kweli. Wengi wetu tunazitia kwenye mlenda na kwenye mchicha bila kufikiri, na mboga ikishaiva hazionekani. Mtoto mwenye mzio wa karanga anaweza kuvimba midomo na kukosa pumzi ndani ya dakika chache. Nikiambiwa yupo mtu wa namna hiyo, siku hiyo karanga hazitwangwi wala hazikaangwi nyumbani, kinu hakiguswi, na wageni wengine hawaelezwi chochote. Wanakula mboga iliyoungwa kwa nyanya tu. Kama hakuna mwenye mzio, nasaga karanga na kuziweka kwenye bakuli lake, anayetaka ajinyunyizie.

Magadi nayo ni aina ya chumvi kwa mwenye presha, ingawa ulimi hauisemi hivyo. Naipunguza sana, na kama nimesikia kuna mtu wa presha naiacha kabisa. Mlenda utachelewa kulainika, basi uanze mapema.

Kuanzia Septemba hadi mvua zinapokuja, mboga mbichi hupungua na bei hupanda. Hapo natumia majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo mama mkwe hunitunzia kwenye kibuyu. Yaloweke, yachemshe, yaunge kwa nyanya. Hata asiyeyajua ataongeza.

Mwenye sukari asitengewe

Wengine hupika ugali mdogo wa dona na kuuweka mbele ya mzee peke yake. Wanafanya kwa upendo, lakini wamemweka kwenye kiti cha mgonjwa. Pika dona ya watu wote. Weka mboga mwanzoni mwa meza, kabla ya wali, ili kila mtu ajaze nusu ya sahani kwa majani na maharage. Acha watu wajipakulie wenyewe. Anayetakiwa kupunguza atapunguza kimya kimya, na hakuna atakayejua kwamba meza nzima ilipangwa hivyo kwa ajili yake.

Chai na juisi ziwe bila sukari, bakuli la sukari likae mezani. Ubuyu unapatikana mwaka mzima na juisi yake ni nzuri; ukwaju pia. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na mgeni wa mbali hufurahi sana kuziona mbichi kwenye kichala. Ziweke, lakini zina sukari nyingi, basi weka na papai au tikiti kando ili pawe na uchaguzi.

Watoto wape wali, maharage na paja la kuku kabla ya wakubwa. Hao hawana mambo mengi.

Usiku, vyombo vikishaoshwa, nachukua daftari langu la jikoni na kuandika: nani alikuja, kipi kiliisha kwanza, sahani ya nani ilirudi na kitu gani. Ukurasa wa mwisho unasema: "Jumapili. Watu 11. Maharage yameisha kabla ya kuku. Mama wa Tanga hakugusa kachumbari, mwulize binti yake kuhusu vitunguu vibichi. Baba mkwe ameomba mlenda mara mbili."