Ukimwandaa mtoto kwenda kusoma Siberia

Wifi yangu alipoona jina la Irkutsk, mji wa Siberia huko Urusi, kwenye barua ya masomo ya mwanawe, aliketi palepale kwenye ngazi za duka lake, Kirumba, Mwanza. "Huko si ndiko walikokuwa wanatupwa watu?"

Ndiko. Nilisoma kule miaka sita, sikumficha. Wafalme wa Urusi walitupa watu huko, Stalin akatupa wengi zaidi. Ila wale hawakuulizwa, wala hawakujua watarudi lini. Wetu anakwenda kwa hiari yake, na muda wa kujiandaa anao.

Mwanangu, anzia soko la mitumba la Mlango Mmoja, asubuhi marobota yanapofunguliwa. Tafuta jaketi lililojazwa manyoya ya bata, lenye kofia, linalofunika makalio. Livae juu ya sweta mbili hapohapo sokoni, jasho likutoke, kisha inua mikono. Likikubana, liache: hewa iliyotulia kati ya nguo ndiyo inayotunza joto. Zipu ifunge na kuifungua mara kumi mbele ya muuzaji. Buti usinunue huku. Mimi nilikwenda na zangu nilizozipenda sana, na Desemba soli ikapasuka nikiwa njiani kwenda darasani. Tenga pesa, ununue kulekule.

Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, maana pamba hunywa jasho na ukitoka nje unyevu ule unakugeukia kuwa baridi. Ndani ya majengo kuna mabomba ya maji moto, watu hukaa na fulana, kwa hiyo ukiingia tu, vua jaketi.

Usiku wa Januari unaweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, hata kupita. Hereni za chuma vua. Simu iwe mfuko wa ndani, la sivyo betri itazima ukiwa kituo cha basi. Ncha ya pua ikiwa nyeupe na kufa ganzi, ingia ndani uifunike kwa kiganja. Usiisugue, na theluji ndiyo kabisa usiipake, hata ukishauriwa na mzee.

Kilichonitesa kuliko baridi ni giza. Desemba jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Kila mchana toka nje, hata robo saa.

Ukishatulia, nenda kwenye nyumba ya Volkonsky, sasa ni makumbusho. Alikuwa mmoja wa maofisa walioasi Desemba 1825. Watano walinyongwa, zaidi ya 100 wakapelekwa Siberia. Mkewe, Maria, alimfuata akamwacha mtoto mchanga nyumbani. Nilisimama mle nikamkumbuka mama yangu, nikalia.

Kisha panda basi uende Ziwa Baikal, kilomita 70 hivi. Sisi wa ziwani tunajiona tunajua maji, lakini Victoria kina chake ni mita 80 tu. Baikal ni mita 1,642, na linaganda mpaka magari yanapita juu. Usikanyage barafu kabla hujawauliza wavuvi wa pale.

Na mama yako mpigie saa mbili usiku za kule. Huku itakuwa saa tisa mchana, wateja wamepungua, atakuwa na nafasi ya kukusikiliza.