Kuunda Upya Bodi ya KIM-1 Ukiwa Tanga

Kikwazo kikubwa cha KIM-1, kompyuta ya bodi moja ya mwaka 1976 kutoka MOS Technology ya Marekani, ni chipu zake mbili za 6530, zinazobeba kumbukumbu, programu ya kuanzishia na milango ya kuingiza na kutoa ishara. Ni adimu kweli. Tumia 6532 mbili badala yake, ila mpangilio wa miguu ni tofauti, hivyo mchoro wa bodi lazima ubadilike. Tena 6532 haina programu ndani: ongeza EPROM (chipu ya kumbukumbu isiyopoteza data umeme ukizimwa) ya 2716 ibebe baiti 2048 za programu ya kuanzishia.

Lehemu soketi kwanza, na kila moja ipate kapasita ya 100 nF karibu na mguu wa umeme. Kabla ya kuchomeka chipu yoyote, washa upime soketi ya 6502, prosesa ya KIM-1: volti 5 kati ya mguu wa 8 na wa 21. Ikishuka chini ya 4.75, zima utafute kasoro.

Tahadhari na W65C02S, toleo jipya la 6502. Mguu wake wa 1 hutoa ishara, ilhali kwenye 6502 ya zamani ni ethi (volti 0). Ukiuacha umeungwa hapo, chipu inaweza kuungua. Mguu wa 36 nao uupandishe kwenye volti 5 kwa rezista ya kilo-omu 3.3.

Kwa wakazi wa Raskazone, mtaa wa pwani ya Tanga, chumvi ya upepo wa bahari hula shaba upesi. Safisha fluksi, mabaki ya kulehemu, kwa spiriti, bodi ikauke kabisa, kisha pulizia vanishi upande wa lehemu tu. Ikiingia kwenye soketi, miguu ya chipu haitagusa.