Jinsi ya kuutafuta unga mweupe kwenye lenzi ya mzee

Mzee akija na mtoto wa jicho, ni rahisi kumpima uwezo wa kuona, kumulika, kuona ukungu, kuandika "upasuaji" na kumwita anayefuata. Mimi ni muuguzi wa macho. Nawaandikia wenzangu wanaokaa nyuma ya darubini ya macho kila asubuhi, kwa sababu kuna kitu kidogo cheupe ambacho ukiwa na haraka hukioni, na kinapofusha watu.

Kitu hicho ni vijinyuzi vya protini. Vinatengenezwa na seli za ndani ya jicho lenyewe: za lenzi, za airisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni), na za sehemu inayotengeneza maji ya jicho. Vinajikusanya juu ya lenzi, ukingoni mwa mboni, na kwenye nyuzi zinazoishikilia lenzi isianguke. Vingine vinabebwa na maji hadi kwenye njia ya kuyatolea, vinaiziba, presha inapanda, na mshipa wa fahamu wa jicho unaanza kufa. John Lindberg aliueleza ugonjwa huu huko Ufini mwaka 1917. Leo tunauita eksifolieshoni. Katika glakoma (magonjwa yanayoua mshipa wa fahamu wa jicho) za pembe iliyo wazi, yaani pale pembe ya jicho yanakotokea maji haijafungwa na airisi, huu unaongoza duniani miongoni mwa zile ambazo chanzo chake kinafahamika. Hutokea zaidi baada ya miaka 50, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo unavyozidi kuonekana.

Anza kabla ya kupanua mboni. Hapa ndipo wengi wanaruka, na kuna mambo ambayo matone yakishaingia hutayapata tena. Pima presha macho yote mawili. Kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ukikuta kulia 16 na kushoto 38, usidhani mashine imekosea. Rudia kupima, kisha jiulize kwa nini jicho moja. Ugonjwa huu mara nyingi huonekana upande mmoja kwanza, na presha yake hupanda na kushuka sana kwa siku moja, kwa hiyo kipimo kizuri cha saa nne asubuhi hakimwondolei mtu shaka.

Sasa ukuzaji wa mara 16 au zaidi, mwanga mwembamba, utoke pembeni. Zungusha macho yako taratibu kwenye ukingo wa mboni, mzunguko mzima. Unatafuta chembe nyeupe zilizoshika ukingoni, kama mba kwenye kola nyeusi. Angalia pia kama rangi ya kahawia ya ukingo huo imemomonyoka. Kisha zima taa za chumba, pitisha mwanga mdogo moja kwa moja katikati ya mboni, na uone kama wekundu wa ndani unapenya kwenye airisi karibu na ukingo. Ukipenya, ujue airisi imekuwa ikisuguana na lenzi iliyoparara na kupoteza rangi yake. Rangi hiyo nayo huenda kuziba njia ya maji.

Mwambie mgonjwa: "Mzee, tazama kulia haraka, halafu rudi unitazame." Wewe usiondoe jicho kwenye lenzi. Ikitetemeka inaporudi, nyuzi zake zimelegea. Hilo lifanye sasa, kwa kuwa matone huweza kuituliza lenzi na dalili ikafichika. Kama una lenzi ya kuangalia pembe ya jicho, itumie sasa pia: pembe ikiwa nyembamba, unatakiwa kujua kabla hujapanua. Utakuta rangi nyeusi imetapakaa bila mpangilio, wakati mwingine ikichora mstari wa mawimbi mbele ya njia ya maji.

Ndipo uweke tropikamidi, matone ya kupanua mboni, usubiri dakika 20 hadi 30. Mboni inayogoma kupanuka kwa mtu asiye na kisukari wala historia ya uvimbe wa ndani ya jicho tayari inakuambia kitu. Iandike kwa milimita.

Mboni ikishapanuka, lenga uso wa mbele wa lenzi, si ukungu ulio ndani yake. Kosa kubwa liko hapa: mtu analenga mtoto wa jicho, na unga uliolala juu yake unabaki nje ya umakini wa darubini. Sogeza kijiti cha darubini nyuma kidogo mpaka uso wa lenzi ung'ae. Ugonjwa ukiwa umekomaa utaona sehemu tatu: kisahani cha utando wa kijivu katikati, ukanda safi unaokizunguka, halafu nje kabisa ukanda wa unga mzito wenye chembechembe. Ule ukanda safi umefagiliwa na airisi yenyewe kila mboni inapofunguka na kufunga. Kisahani cha katikati kinaweza kukosekana. Ukanda wa nje ndio wa kutegemea, na bila kupanua mboni umejificha nyuma ya airisi. Ndiyo maana nasema kwa uzito wote: usimwandikie mzee "hakuna" kama hukumpanua.

Usichanganye na druseni. Hizo ni takataka za njano chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ni habari nyingine.

Kabla hajaondoka, angalia kichwa cha mshipa wa fahamu, kisha pima presha tena baada ya saa moja hivi. Kupanua mboni humwaga rangi, na presha ya macho haya inaweza kuruka.

Halafu andika, na andika kwa ajili ya daktari wa upasuaji: upande gani, mboni imefika milimita ngapi, lenzi inatetemeka au la. Akijua mapema atajiandaa kwa mboni ndogo na nyuzi dhaifu. Asipojua, lenzi inaweza kudondokea nyuma katikati ya kazi. Kuondoa mtoto wa jicho hakukomeshi kutengenezwa kwa vijinyuzi, hivyo presha iendelee kupimwa hata baada ya kuwekewa lenzi bandia.

Mgonjwa ataulizwa nyumbani ana nini, basi mpe maneno. Si saratani, hauambukizi, na haukuletwa na uchafu. Mwaka 2007 watafiti waliuhusisha na jeni iitwayo LOXL1, kwa watu wa Aisilandi na Uswidi, ila wengi wenye aina hiyo ya jeni hawaugui, kwa hiyo hakuna haja ya kumtafutia kipimo cha vinasaba. Hakuna dawa ya kuyeyusha unga wenyewe. Tunachoweza ni kushusha presha: matone ya latanoprosti, au timololi baada ya kumuuliza kuhusu pumu na mapigo ya moyo, au leza, ambayo mwanzoni hufanya kazi vizuri kwenye macho haya, au upasuaji. Mwambie wazi kwamba matone hayarudishi kuona kulikokwisha kupotea, ili asiyaache kwa kukata tamaa mwezi wa pili.

Mwenye unga na presha ya kawaida arudi walau kila mwaka. Na jicho lile jingine, lililoonekana safi, lipanuliwe na kuangaliwa upya kila anaporudi.