Isotopu na nusumaisha: jinsi ya kukokotoa bila kupotea saa sita

Kiini nururifu, yaani kiini cha atomi kisichotulia, hakizeeki. Kiini cha kaboni-14 kilichoundwa angani leo na kingine kilichokaa miaka 5,000 ndani ya kipande cha mkaa vina nafasi ile ile ya kuoza kabla ya kesho. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya somo hili inajifungua yenyewe. Usipolishika, utakariri fomula na kuitumia pasipo pake.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, mwalimu wa kemia, na mtaalamu wa maabara anayeanza kazi kwenye kitengo cha tiba ya nyuklia. Andaa kikokotoo chenye kitufe cha ln na cha kipeo, daftari, sanduku la viatu lenye mfuniko, na vizibo 100 vya soda.

Hatua ya 1: Soma alama ya isotopu

Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake. Idadi ya nyutroni inaweza kutofautiana, na hapo ndipo isotopu zinapopatikana. Chukua potasiamu, yenye protoni 19. Kwa kila atomi 100 za potasiamu ya kawaida, 93 na ushee ni potasiamu-39 (nyutroni 20) na karibu 7 ni potasiamu-41 (nyutroni 22). Inabaki sehemu ndogo sana, asilimia 0.0117, ambayo ni potasiamu-40 (nyutroni 21). Hiyo ya mwisho peke yake ndiyo nururifu.

Kwa kuwa zote zina elektroni 19, mmea na mwili hauzibagui. Ndizi yoyote unayomenya ina potasiamu-40, na mwili wako pia unayo.

Kosa la hapa: mwanafunzi anachukua 39.10 kwenye jedwali la elementi, anatoa 19, anapata "nyutroni 20.1". Namba ile ni wastani wa isotopu zote kwa wingi wake, wala hakuna atomi moja yenye masi hiyo. Nyutroni hukokotolewa kutoka kwenye namba ya isotopu husika: 40 − 19 = 21.

Hatua ya 2: Jua kinachotoka na kinachobaki

Kuoza ni kiini kisichotulia kutoa nishati, mara nyingi pamoja na chembe, ili kitulie zaidi.

Katika alfa, kiini kinatoa protoni 2 na nyutroni 2 kwa pamoja: radiamu-226 inakuwa radoni-222. Katika beta, nyutroni moja inageuka protoni na elektroni inatupwa nje: kaboni-14 inakuwa nitrojeni-14. Katika gama hakuna chembe inayopungua, bali kiini kinatoa nishati tu: teknetiamu-99m inakuwa teknetiamu-99. Herufi m inaonyesha kwamba kiini kimekwama kwa muda kwenye ngazi ya juu ya nishati.

Wanaokosea beta wengi hupunguza namba ya juu ya alama (jumla ya protoni na nyutroni). Namba ya juu haiguswi, 14 inabaki 14. Ya chini, idadi ya protoni, ndiyo inayopanda, kutoka 6 hadi 7; elektroni iliyotupwa inahesabiwa 0 juu na −1 chini. Jumlisha namba za juu za pande zote mbili, kisha za chini. Zisipolingana, kuna kitu umesahau.

Potasiamu-40 ina njia mbili. Karibu viini 89 kwa kila 100 vinakwenda kwa beta na kuwa kalisi-40. Vingine 11 hivi vinanasa elektroni ya atomi yao wenyewe na kuwa arigoni-40. Hiyo njia ndogo tutaihitaji tukifika Olduvai.

Hatua ya 3: Ione nusumaisha kwa vizibo

Weka vizibo 100 sandukuni, funika, tikisa mara kumi, mwaga juu ya meza tambarare. Ondoa vyote vilivyotua meno yakiwa juu, hivyo vimeoza. Hesabu vilivyobaki, andika, rudisha sandukuni, rudia. Acha vikibaki chini ya kumi.

Kizibo hakina uso sawa pande zote mbili, kwa hiyo usitarajie nusu kamili kuondoka kila mara. Hilo lisikusumbue, maana ndilo funzo lenyewe: nafasi ya kuoza haihitaji kuwa nusu, inahitaji tu kuwa ile ile kila mwago. Tuseme kwenye sanduku lako vinaondoka 40 kati ya 100, vinabaki 0.6. Nusumaisha, yaani muda wa nusu ya viini kuoza, kwa kipimo cha mwago ni (0.693 ni ln 2):

0.693 ÷ (−ln 0.6) = 0.693 ÷ 0.511 = mwago 1.36

Chora grafu ya vilivyobaki dhidi ya namba ya mwago. Utapata mstari unaoinama, ulio mkali mwanzoni na mlegevu mwishoni. Sasa chora ln ya vilivyobaki, na mstari unanyooka. Mnyooko huo ndio dalili ya nafasi isiyobadilika.

Mambo mawili huharibu jaribio. La kwanza ni kutikisa kivivu: vizibo vinavaana kama vikombe, vinatua kwa makundi. Ukiona vimevaana, vitenganishe na urudie mwago. La pili ni kudai usahihi kwa namba ndogo. Hata kama nafasi ni nusu kwa nusu, kwenye 100 utapata kati ya 45 na 55 mara nyingi, lakini si kila mara. Vikibaki 6, kuondoka 1 au 5 si ajabu. Kanuni ya nusumaisha ni ya umati. Kuhusu kiini kimoja haisemi kitaoza lini.

Na jina lisikupotoshe. Nusumaisha si nusu ya maisha ya kiini, kiasi kwamba nusumaisha mbili ziwe mwisho wake. Baada ya mbili inabaki robo, baada ya tatu thumuni.

Hatua ya 4: Toka kwenye nusumaisha kwenda kwenye bekereli

Bekereli moja (Bq) ni kiini kimoja kuoza kwa sekunde. Tupime potasiamu, gramu 1.

Atomi za potasiamu-40: (6.022 × 10²³ ÷ 39.10) × 0.000117 = 1.80 × 10¹⁸.

Nusumaisha ni miaka bilioni 1.248, yaani sekunde 3.94 × 10¹⁶. Nafasi ya kuoza kwa sekunde: 0.693 ÷ 3.94 × 10¹⁶ = 1.76 × 10⁻¹⁷.

Zidisha: karibu Bq 32. Ndizi yenye gramu 0.4 za potasiamu ina kama Bq 13.

Asiyegeuza miaka kuwa sekunde hupata jibu la kuoza kwa mwaka, karibu bilioni moja, na kuogopa ndizi.

Hatua ya 5: Kokotoa kilichobaki kwa saa halisi

Hapa ndipo hesabu inamgusa mgonjwa, kwa hiyo twende taratibu. Teknetiamu-99m ndiyo inayotumika zaidi kwenye picha za tiba ya nyuklia. Inatoa gama ya keV 140 (keV, kilo-elektronivolti, ni kipimo cha nishati), na nusumaisha yake ni saa 6.01. Fomula:

kilichobaki = cha mwanzo × 0.5^(muda ÷ nusumaisha)

Chupa ina MBq 5,000 (MBq ni bekereli milioni moja) kwa kipimo cha 07:00, ndani ya mililita 8. Mgonjwa wa picha ya mifupa anahitaji MBq 740 saa 10:30. Uvute mililita ngapi?

Muda ni saa 3.5. Gawanya: 3.5 ÷ 6.01 = 0.582. Kisha 0.5^0.582 = 0.668. Chupa sasa ina MBq 3,340, ambayo ni MBq 417 kwa kila mililita. 740 ÷ 417 = mililita 1.77. Bomba la sindano hupimwa kwenye kipima dozi kabla ya kumchoma mgonjwa, hata kama hesabu yako ni safi. Kikokotoo hakijui kama chupa iliandikwa vibaya.

Kwenye kikokotoo, funga 3.5 ÷ 6.01 ndani ya mabano. Bila mabano, mashine inapandisha 0.5 kwa 3.5 kwanza, kisha inagawanya.

Mwingine hutumia uwiano wa kawaida: saa sita nusu, basi saa tatu na nusu ni kama asilimia 29 imeondoka. Atapata 0.709 badala ya 0.668, atavuta mililita 1.67, na mgonjwa atapata MBq 697. Amesahau kwamba viini vilikuwa vingi mwanzoni, hivyo vilioza vingi mwanzoni, kama vizibo.

Mwingine huandika saa tatu na dakika 30 kama 3.30. Kwa teknetiamu kosa ni dogo. Kwa florini-18, yenye nusumaisha ya dakika 109.8, dakika 12 hizo zilizopotea zinaleta kosa la karibu asilimia 8.

Kosa baya kuliko yote ni letu sisi tunaosema Kiswahili. Saa nne na nusu asubuhi ni 10:30 kwenye mfumo wa saa 24. Aliyepokea chupa akiandika 07:00, na wa chumba cha sindano akiandika 4:30, tofauti iliyojificha ni saa sita, na saa sita ndiyo nusumaisha ya teknetiamu-99m. Kikokotoo kitapewa muda wa −2.5, kitakubali bila kulalamika, na kitasema chupa ina MBq 6,670. Utavuta mililita 0.89 na mgonjwa atapata MBq 370, nusu kamili ya dozi. Ukiwahi kukuta kipimo ni nusu au maradufu ya ulichotarajia, angalia saa kabla ya kulaumu mashine. Kwenye lebo za isotopu andika mfumo wa saa 24 peke yake, na muda ukitoka hasi, simama.

Hatua ya 6: Geuza fomula upate umri

umri = nusumaisha × ln(cha mwanzo ÷ kilichobaki) ÷ 0.693

Mbao iliyobakiwa na asilimia 70 ya kaboni-14: 5,730 × 0.357 ÷ 0.693 = karibu miaka 2,950. Huo ni umri wa mahesabu. Wataalamu huusahihisha kwa pete za miti, kwa sababu kiwango cha kaboni-14 angani hakijatulia karne zote.

Kaboni-14 hufika ukingoni kwenye miaka 50,000 hivi, maana inabaki asilimia 0.24 tu. Uchafu kidogo unatosha kudanganya: mkaa wa kale sana usio na kaboni-14 hata chembe, ukiingiwa na asilimia 1 ya kaboni ya leo kutoka kwenye mizizi au vidole, utajionyesha kuwa na miaka 38,000.

Kwa hiyo fuvu alilolipata Mary Leakey kwenye Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1959, lisingeweza kupimwa kwa kaboni. Mwaka 1961 Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walichapisha umri wa miaka milioni 1.75, wakitumia potasiamu-40 kwenye tabaka za volkano. Mwamba ukiwa uji wa moto, arigoni inatoroka. Ukiganda, arigoni-40 inayozaliwa inanaswa, na saa inaanza kutoka sifuri. Kwa muda huo, karibu kiini 1 tu cha potasiamu-40 kati ya 10,000 kimekuwa arigoni. Hewa nayo ina arigoni ya kuchafua kipimo, kwa hiyo hupimwa arigoni-36, kisha sehemu ya hewa inatolewa.

Hatua ya 7: Tambua mchanganyiko

Jokofu, asidi au kuchemsha havibadilishi nusumaisha ya teknetiamu. Taka zake huachwa zioze: saa 60, nusumaisha kumi, hubaki karibu 1 kwa 1,000.

Lakini teknetiamu hutoka kwa molibdeni-99, yenye nusumaisha ya saa 66, na kidogo yake huweza kupenya. Kikomo kinachotumika sana ni kBq 0.15 (kBq ni bekereli elfu moja) za molibdeni kwa kila MBq ya teknetiamu wakati wa kumpa mgonjwa. Chukua mfuko wa taka wenye MBq 3,000 na molibdeni kBq 450. Baada ya saa 120, teknetiamu ya mwanzo imebaki kBq 3 hivi, molibdeni bado kBq 128. Grafu yako ya ln, iliyokuwa ikishuka moja kwa moja, inakunjika na kulala. Ukiiona imekunjika, usiilazimishe mstari mmoja: funga mfuko, andika upya lebo kwa jina la molibdeni-99, tarehe na saa ya kipimo, kisha hesabu muda wa kusubiri kwa saa 66.