Nywele za pembeni zikiisha kwa kusuka: hatua za kuziokoa

Rasta za kubana, wivingi na wigi za gundi huanza kula nywele za juu ya masikio na za kwenye paji. Shina linavutwa mfululizo mpaka linavimba. Likivutwa miaka mingi linageuka kovu. Kabla ya kovu, nywele huweza kurudi.

Hatua ya 1: Jichunguze. Fumua, simama dirishani mchana na kioo mkononi. Ukiona vinywele vifupi, laini, vimebaki ukingoni na nyuma yake pako wazi, huo ni mvuto. Sasa tazama ngozi yenyewe. Ikiwa na vitundu vya vinyweleo, mashina bado yapo. Ikiwa nyororo, inang'aa, haina vitundu, hilo ni kovu, na hakuna mafuta yatakayootesha kitu hapo, hata ya nyonyo.

Hakikisha si tatizo jingine. Mabaka ya duara yenye magamba na vidoti vyeusi ni mapunye. Hayo hutaka vidonge vya hospitali, maana krimu haifiki shinani. Nywele kupukutika kichwa kizima miezi 2 hadi 3 baada ya kujifungua au homa kali kwa kawaida hukoma kwenyewe. Utosi ukipungua huku unawasha au unachoma, muone daktari wa ngozi mapema: aina hiyo huacha kovu.

Hatua ya 2: Usitishwe na bonge la nywele linalotoka ukifumua. Kichwa chenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na za wiki 6 zote zilinaswa ndani ya rasta. Zenye kitone cheupe mwishoni zimetoka shinani. Zisizo nacho zimekatika, na hapo ulaumu dawa ya nywele au ukavu.

Hatua ya 3: Tibu mba, kama unayo. Shampuu ya ketoconazole ya asilimia 2, mara 2 kwa wiki, wiki 2 hadi 4. Chana mistari, paka kwenye ngozi kwa ncha za vidole, subiri dakika 5, suuza. Hukausha nywele za kipilipili, hivyo malizia na kondishena. Krimu za steroidi za kujinunulia ziache, hukondesha ngozi.

Hatua ya 4: Pumzisha angalau miezi 3. Mabutu yaliyolegea tu, bila dawa ya nywele wala gundi. Piga picha mara moja kwa mwezi, pale pale dirishani. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kujikagua kila asubuhi ni kujitesa.

Minoxidil (dawa ya kupaka ya kuotesha nywele) ya asilimia 2, mililita 1 asubuhi na jioni kwenye ngozi kavu, husaidia mashina yaliyo hai. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kupukutika zaidi, na wengi huacha hapo. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie.

Hatua ya 5: Rudi kwa msusi na masharti. Nywele changa za ukingoni zibaki nje ya msuko. Rasta ziwe fupi na nyepesi, na zisisukwe juu ya nywele zilizotiwa dawa karibuni. Ukihitaji panadol ili ulale, au vipele vikatokea na ngozi kuinuka kwenye mashina, fumua siku hiyo hiyo. Eti "zitalegea zenyewe": maumivu huisha kwa siku 2, mvuto unaendelea. Vipele vikitoa usaha, nenda hospitali.