SOMO: Modeli za maabara za kusambaa kwa saratani ya ovari (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Wakuu, haipiti wiki bila mtu kunitumia ujumbe: "Modeli gani ni nzuri kwa metastasisi ya ovari?" Nimejibu hadi nimechoka. Hakuna modeli nzuri. Ipo inayojibu swali lako, na ipo inayokupa picha za kupendeza tu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtupia kiungo.

Kwanza mjue ugonjwa unavyotembea. Njia yake kuu si mishipa ya damu. Seli hubanduka kwenye uvimbe, moja moja au kwa vibonge, huelea katika majimaji ya tumboni, kisha hutua kwenye utando unaofunika viungo, hasa omenta, lile shuka la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo. Kubanduka, kuelea, kushika, kupenya, kukua. Hakuna sahani moja inayobeba safari yote hiyo.

Hatua ya 1. Andika swali lako kwa sentensi moja, utaje ni kituo kipi cha safari. Ukishindwa, usiguse pipeti.

Hatua ya 2. Chagua seli. Hapa wengi huchukua zilizopo kwenye friza. Aina inayoua wengi ni ya serasi ya daraja la juu (high-grade serous), na uchambuzi wa 2011 wa TCGA, mradi wa kuchambua jeni za saratani, ulikuta jeni TP53 imeharibika katika 96% ya vivimbe vyake. Sasa tazama A2780, mojawapo ya laini (seli zinazokuzwa maabara kizazi hadi kizazi): TP53 yake ni nzima. Laini nyingine, SKOV3, haina p53 (protini ya jeni hiyo), lakini jeni zake nyingine hazifanani na za aina hiyo. Mwaka 2013 Domcke na wenzake walilinganisha laini 47 na vivimbe vya wagonjwa. Hizo mbili zinazopendwa na kila mtu zikawa miongoni mwa zinazofanana navyo kidogo. KURAMOCHI na OVSAHO zilikuwa juu kabisa. Zinakua polepole, ndiyo. Vumilia.

Hatua ya 3. Pima mikoplazma (bakteria wanaochafua seli za maabara), hakiki utambulisho wa laini kwa STR (alama zake za DNA).

Hatua ya 4. Tengeneza vibonge: sahani isiyoshikwa na seli, au tone linaloning'inia kwenye kifuniko. Kama seli 100 kwa kibonge zinatosha.

Hatua ya 5. Panda tabaka la mesothelia. Someni hapa taratibu, maana hapa ndipo mimi nilipoangukia.

Mesothelia ndizo seli zinazofunika utando wa tumbo. Kibonge kikitua hukutana nazo kwanza, na huzisukuma pembeni ili kipite. Mwaka 2011 Iwanicki na wenzake walionyesha kwamba kibonge hutumia nguvu za misuli ya ndani ya seli, yaani mayosini, kuzivuta na kuzifungua. Nami nikataka kupima hilo. Nilipanda tabaka jioni, asubuhi nikachungulia ukingo wa kisima kimoja (kijishimo cha sahani), nikaona limejaa, nikamwaga vibonge. Matokeo yakawa ya ajabu: kila kibonge kilifungua tundu, tena upesi. Miezi miwili nachora grafu kwa furaha. Siku ya kuonyesha kazi, mtu mmoja akauliza kwa upole, "Picha ya dakika sifuri iko wapi?" Sikuwa nayo. Nikarudia jaribio nikiwa nayo. Matundu yalikuwepo kabla ya vibonge kufika. Vibonge vilikuwa vinateremka tu kwenye nafasi wazi, nami naviita "uvamizi". Kibaya zaidi, mesothelia zangu zilikuwa zimehamishwa sahani hadi sahani mara nyingi mno, zimerefuka kama fibroblasti (seli za tishu unganishi), hazishikani tena.

Kwa hiyo:
- Kagua katikati ya kila kisima, si ukingo wake. Seli zionekane kama vigae vilivyobanana, bila mwanya.
- Zikianza kurefuka kama samaki wadogo, tupa. Usizionee huruma.
- Midia (majimaji ya kulishia seli) imimine ukutani mwa kisima, usiielekeze juu ya tabaka. Tone moja la nguvu linatoboa.
- Piga picha ya dakika sifuri. KILA KISIMA.
- Acha visima visivyo na kibonge. Vikitoboka navyo, huna jaribio.

Hatua ya 6. Mesothelia rangi moja inayong'aa, vibonge rangi nyingine. Picha kila dakika 10, kwa muda wa saa nane.

Hatua ya 7. Ukitaka kupenya, si kushika tu, weka chini ya mesothelia fibroblasti zilizochanganywa na kolajeni aina ya I (protini ya tishu unganishi). Modeli hii ya omenta iliandikwa na Kenny na wenzake mwaka 2007, na bado sijaona sababu ya kuiacha.

Hatua ya 8. Panya baadaye. Kumdunga panya seli tumboni kunaruka kituo cha kubanduka chote, kwa hiyo usiandike kwamba umeigiza safari nzima.

---

MAJIBU

kisima96: Mkuu asante kwa somo. Mimi ninazo SKOV3 tu, zitafaa?

Mwandishi: Hatua ya 2.

kisima96: Nimeisoma ila sijaelewa kama zinafaa au hazifai.

Mwandishi: Kwa swali gani? Hujalitaja. Hatua ya 1.

Daktari_wa_Jeli: Unatisha watu bure. Makala kibao zimechapishwa kwa A2780.

Mwandishi: Sikusema zichomwe moto. Ukichunguza usugu wa dawa ndani ya laini hiyo, endelea. Nimesema usiiite serasi ya daraja la juu. Na wingi wa makala si ushahidi: kuna laini iliyotumika miaka mingi kama saratani ya matiti sugu kwa dawa, NCI/ADR-RES, kumbe ni OVCAR-8, ya ovari! Ndiyo maana hatua ya 3 ina mstari mmoja lakini ipo.

mchungulia_hadubini: Naomba kuuliza kitu ambacho labda ni cha kijinga. Kwa nini omenta? Tumboni kuna nafasi tele.

Mwandishi: Si cha kijinga hata kidogo, hilo ndilo swali lenyewe. Jibu moja ni mafuta. Mwaka 2011 Nieman na wenzake walionyesha kwamba seli za mafuta za omenta huziita seli za saratani kwa ishara kama IL-8, kisha huzipa lipidi, nazo huzichoma kupata nguvu. Seli inapewa chakula mlangoni! Jibu la pili ni vishada vya seli za kinga vilivyomo humo, ambavyo hukamata kila kinachoelea. Na kuna la tatu linalotibua mambo: mwaka 2014 Pradeep na wenzake waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili, mmoja ana saratani, mwingine hana. Ikatokea kwenye omenta ya yule asiye nayo. Kwa hiyo damu nayo ni njia. Ndiyo maana juu nimeandika "njia yake kuu", sikuandika "njia pekee".

mchungulia_hadubini: Basi modeli ya hatua ya 7 bila seli za mafuta inakosa kitu?

Mwandishi: Inakosa, umenishika hapo. Ziongeze ukiweza kuzipata mbichi. Zinaelea juu ya midia, zitakusumbua kuzituliza, lakini kama swali lako ni kukua baada ya kutua, huna njia nyingine.

tone_la_mwisho: Natumia MeT-5A kama mesothelia. Sawa?

Mwandishi: Kwa kujifunzia mkono, sawa. Ila zilitoka kwenye utando wa mapafu na zikafanywa zisizeeke kwa jeni za virusi SV40. Andika hivyo kwenye ripoti.

kisima96: Naomba protokali yote kwa PDF.

Mwandishi: Umeshaisoma. Sivyo?

Bi_Oganoidi: Nyongeza kwa wanaofikiria wanyama: ovari ya panya imefungwa ndani ya kifuko, ya binadamu iko wazi tumboni. Seli zikidungwa humo lazima kwanza zitoke kifukoni. Na kuku wa mayai hupata saratani ya ovari bila kudungwa chochote, na inasambaa tumboni na kujaza majimaji.

Mwandishi: Asante Bi, kuku nilimsahau kabisa. Kwa wanaotaka panya mwenye kinga kamili, kuna ID8, laini ya saratani ya ovari ya panya, inayodungwa kwa panya wa aina ya C57BL/6, ila Trp53 yake (TP53 ya panya) ni nzima. Tafuteni zile zilizoondolewa Trp53 kwa CRISPR (mkasi wa kuhariri jeni) mwaka 2016.

tone_la_mwisho: Vibonge vyangu vinavunjika nikivihamisha. Nimebadilisha midia mara tatu.

Mwandishi: Midia haina kosa. Kata ncha ya pipeti kwa mkasi safi, tundu liwe pana, na vuta polepole.

tone_la_mwisho: Nimekata. Vimefika vizima vyote.